Kiasi cha Bunduki

Mwaka mmoja, msimu wa kulima ulipoanza, mwanafunzi wangu wa Naitiri aliniletea kitu alichokiokota nyuma ya plau katika shamba la babaye. Kilikuwa ganda la shaba, refu kama sentimita 8, jembamba mdomoni na nene kidogo kwenye tako. Darasa zima lilikizunguka. Mmoja alisema ni kipande cha kiko cha mzee wa kale, mwingine akasema ni kifuniko cha taa. Tulipolisugua kwa majivu na ndimu, maandishi yalijitokeza kwenye tako: KYNOCH, na chini yake tarakimu 470. Nikawaambia, “Hiki ni kiasi cha bunduki, au tuseme nusu yake, kilichokuwa ndani kimekwisha kwenda zake.”

Walicheka kwa neno hilo, kwa kuwa kwao kiasi ni cha sukari au cha unga. Lakini wazee wa pwani hawakukosea walipoiita risasi nzima, pamoja na baruti yake na ganda lake, “kiasi cha bunduki”. Neno hili limehifadhi historia ambayo vitabu vingi huipita mbio. Tumezoea kuuliza nani alikuwa na bunduki. Ni mara chache kuuliza nani alikuwa na baruti, na nani aliipima.

Hebu tuanze na gobori. Mwenye gobori alibeba kiwanda kizima kiunoni mwake. Alikuwa na pembe ya baruti, mfuko wa risasi, matambara au makumbi ya nazi, na mdeki wa kushindilia. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia tambara, akashindilia, akatia risasi, akashindilia tena. Kisha akaweka baruti kidogo penye kifa, hapo cheche ya gumegume ilipoangukia. Kiasi kilikuwa mkononi mwake. Akipunguza, risasi huanguka kama jiwe la mtoto. Akizidisha, bunduki humpiga teke bega, na ikiwa mtutu ni mbovu, hupasuka usoni pake. Mvua ikinyesha, kama inyeshavyo huku kwetu kila alasiri ya masika, baruti hulowa, na shujaa hubaki ameshika gongo.

Magobori haya yalimiminika nchini kupitia Unguja. Mwaka wa 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Zilipanda bara pamoja na misafara, na njia moja ya misafara hiyo ilifika kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, mahali ambapo leo ni mji wa Mumias. Pembe za ndovu zilishuka, bunduki zikapanda.

Mataifa ya Ulaya yaliiona hatari hiyo mapema. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 yalikubaliana kuzuia silaha zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Sababu waliyoitangaza ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na si uongo kwamba bunduki ziliitumikia biashara hiyo. Lakini ukiusoma mkataba wenyewe kwa makini, utaona jambo jingine. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa kwa ruhusa na chini ya ulinzi wa maghala ya serikali. Zilizofungwa ni bunduki za kisasa, zile zinazotiwa kiasi kwa nyuma, pamoja na viasi vyake. Mwafrika aliachiwa silaha ya babu. Silaha ya mjukuu ilibaki kwa mtawala.

Miaka michache baadaye matokeo yake yalionekana karibu na hapa tulipo. Serikali ya Waingereza ilikuwa na kituo Mumias, na humo walikuwamo askari wa Kisudani. Wengi wa Wasudani waliotumikia Uganda wakati huo walitoka katika jeshi la Emin Pasha, ambalo Lugard alilichukua mwaka 1891. Baadhi ya bunduki za kituo zilifika mikononi mwa Wabukusu, nyingine kwa njia ya askari watoro. Mwaka wa 1894 mkuu wa kituo, Spire, alituma kikosi cha askari wapatao 25 kwenda kuzidai. Wabukusu hawakuzitoa. Kikosi kile kilishambuliwa, na karibu wote wakauawa.

Mwaka uliofuata, 1895, Hobley aliongoza jeshi kubwa la askari wa Kisudani na wapiganaji wa Baganda, akaziendea ngome za Wabukusu. Lumboka ilianguka kwanza, kisha Chetambe, ile iliyo juu ya vilima vya Webuye. Ngome hizo zilikuwa na handaki na ukuta wa udongo, na waliokuwamo walipigana kwa ujasiri ambao hata adui zao waliukiri. Watu wengi walikufa. Wanawake na ng’ombe walitekwa. Huko nyumbani habari hii huelezwa kama vita vya mikuki dhidi ya bunduki. Hivyo sivyo kabisa, maana bunduki zilikuwapo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba nyuma ya upande mmoja kulikuwa na barabara ndefu iliyopitia Mumias hadi pwani, na toka pwani hadi viwanda vya Uingereza, ikileta masanduku ya viasi. Nyuma ya upande wa pili kulikuwa na ukuta wa udongo tu. Bunduki ya kisasa hukataa baruti ya kumimina kwa mkono. Inataka ganda lake, fataki yake na risasi yake, vyote vya kipimo kimoja. Usipovipata, gobori la babu lina faida zaidi.

Sasa turudi kwenye ganda letu la Naitiri, maana halikutoka katika vita vile. Tarakimu 470 ni kipimo cha mtutu katika sehemu elfu za inchi, na kiasi cha namna hii kilitengenezwa kwa ajili ya bunduki ya mitutu miwili ya kuwindia ndovu na nyati. Wawindaji walikuwa wameipenda mitutu miwili tangu zamani. Samuel Baker, aliyelifikia Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki za mitutu miwili za kushindilia kwa mdomo. Sababu yao ilikuwa nyepesi: mtutu mmoja ukigoma, wa pili upo, na kila mmoja una mtambo wake.

Lakini si wawindaji wote waliokubaliana. W. D. M. Bell, aliyeifanya Mumias kuwa kituo cha safari zake za Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki nyepesi ya mtutu mmoja, yenye kipimo cha milimita 7. Idadi hiyo naiandika bila kuisifu. Misitu ya Mlima Elgon na nyika za Karamoja hazijapata tena makundi kama yale.

Bunduki ya mitutu miwili ilikuwa na siri ambayo mnunuzi mpya aliijua kwa hasara. Mitutu yake, ingawa yaonekana sambamba, huelekeana kidogo mbele. Risasi ikiwa bado inapita ndani ya mtutu wa kuume, bunduki huanza kurudi nyuma na kugeukia kuume. Ya kushoto hugeukia kushoto. Fundi wa London au Birmingham alipiga shabaha, akaisogeza mitutu kwa kabari ndogo, akapiga tena, hata risasi za mitutu yote miwili zikaanguka mahali pamoja. Kazi hiyo aliifanya kwa kiasi kimoja tu. Kwa ile ya 470, risasi ilikuwa na uzito wa gramu 32 hivi, ikitoka kwa mwendo wa mita 650 kwa sekunde. Ukitumia kiasi dhaifu, risasi hukawia mtutuni, bunduki hugeuka mno, na shabaha mbili hutengana. Ukitumia kikali, hupishana. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, tofauti hiyo ni ya uhai na mauti. Hata joto lilikuwa na neno lake, kwa kuwa baruti ya kodaiti huwa kali zaidi katika nchi za jua. Ndiyo sababu viwanda viliipunguza katika viasi vilivyopelekwa huku.

Na hata kipimo hiki cha 470 kilizaliwa kwa hofu ileile ya Brussels. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Waingereza ilipiga marufuku bunduki za kipimo cha 450 huko India na Sudani, maana bunduki za zamani za jeshi, Martini-Henry, zilikuwa za kipimo hicho. Iliogopwa kwamba waasi wangetwaa risasi za wawindaji na kujitengenezea viasi vyao wenyewe. Mafundi wakabuni vipimo vipya, na 470 kikawa maarufu kuliko vyote.

Walowezi waliojaa Trans Nzoia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na reli iliyofika Kitale mwaka 1926, ndio waliorahisisha njia ya viasi hivi hadi mashamba ya Naitiri. Miaka ya 1960 mambo yalibadilika mara mbili. Mashamba yaligawanywa kwa wananchi, na Kynoch wa Birmingham wakaanza kuacha kutengeneza viasi vya bunduki kubwa, kwa kuwa wanunuzi walipungua. Mwindaji mwenye bunduki ya thamani kubwa akajikuta katika hali ya mwenye gobori: hana budi kujipimia. Akayatunza maganda yaliyotumika, akayabana upya katika kalibu, akapima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara. Maganda ya Kynoch yalimsumbua zaidi, maana fataki yake hukalia kichuguu kidogo cha shaba chenye vitundu viwili pembeni, hata haiwezekani kuisukuma nje kwa msumari; hapana budi kuing’oa kwa ndoana. Kazi hiyo yote ilikoma kwa wawindaji wa Kenya mwaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji.

Nililiinua ganda dirishani ili wanafunzi waone. Fataki ilikuwa bado mahali pake, yenye alama moja ya sindano. Halikuwa limejazwa mara ya pili.

Kwa kuwa sheria ya silaha haichezewi, jioni ile tulilipeleka kituo cha polisi, mimi na mwanafunzi na babaye. Niliwaonya darasani kwamba wakikuta lingine lenye risasi mdomoni wasiliguse, bali waite mtu mzima. Sajini alilipokea, akalitazama kwa upande huu na huu, akaligeuza na kuligonga juu ya meza. Ukamwagika udongo mwekundu, kiasi cha kijiko kimoja. Akaufuta kwa kiganja, akafungua daftari, akaanza kuandika.