Mpira wa Unguja na Wenyewe

Tarehe 25 Mei 2025, Uwanja wa New Amaan ulipokea mchezo ambao Unguja haikuwa imeuzoea: marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Simba ilikuwa imeshafungwa 2-0 kule Berkane, Morocco. Nyasi za Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ziliharibiwa na mvua, ndiyo maana mchezo ukavuka bahari. Joshua Mutale akawapa Simba bao la mapema, RS Berkane wakasawazisha kipindi cha pili, na kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1.

Kiwanja kilikuwa cha Zanzibar. Timu mwenyeji ilitoka Kariakoo, Dar es Salaam. Tangu mashindano ya klabu ya Afrika yaanze miaka ya 1960, hakuna klabu ya Unguja wala Pemba iliyofika fainali. Sababu zinazotajwa barazani ni zilezile: visiwa ni vidogo, watu hawakufika milioni 2 katika sensa ya 2022, na FIFA haiitambui Zanzibar kama nchi mwanachama. CAF nayo iliipa Zanzibar uanachama kamili Machi 2017, kisha ikaufuta Julai mwaka huohuo. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na kiwanja, nayo hujadiliwa kwa nadra: klabu ya Unguja ni ya nani, na huyo mwenye klabu anaitaka kwa ajili ya nini?

Jibu limebadilika mara kadhaa katika miaka mia na ushei.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake kuhusu maisha ya mji wa Zanzibar kati ya 1890 na 1945, anaeleza kwamba soka liliingia kwa milango miwili: wafanyakazi wa kampuni ya simu ya Kiingereza, na wanafunzi wa shule ya misheni ya UMCA pale Kiungani. Wazungu walitaka kuburudika, wamisheni walitaka nidhamu. Vijana wa mjini wakauchukua mchezo na kuufanya wao. Chama cha soka cha Zanzibar kinahesabu kuzaliwa kwake mwaka 1926, mapema kuliko vyama vingi vya Afrika. Viwanja vya Mnazi Mmoja, vilivyo kati ya Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, vikawa mahali ambapo makarani, makuli wa bandarini, wavuvi na wanafunzi walikutana jioni, ama ndani ya mistari, ama pembeni yake wakipiga kelele.

Timu za enzi hizo zilikuwa za watu waliojuana: wa kazi moja, wa jamii moja, wa mtaa mmoja. Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1942, imebaki na jina la mtaa wake, ule ulio karibu na bandari ya majahazi, mahali pa samaki, mabaharia na wachuuzi. Mlandege, Miembeni na Kikwajuni nazo ni majina ya mitaa kabla ya kuwa majina ya klabu. Mtu hakuichagua timu. Alizaliwa nayo.

Umiliki wa namna hiyo ulikuwa na nguvu yake. Mwenye mali alikuwa mtaa mzima: wazee wa maskani, mama aliyefua jezi, mwenye duka aliyenunua mpira, na tajiri mmoja au wawili waliotoa fedha pale ilipobidi timu isafiri. Hakukuwa na hisa. Kulikuwa na michango, heshima na maneno ya barazani. Kijana akikosa penalti Jumamosi alijua Jumapili atapita mbele ya baraza ileile, na kila aliyekaa pale anajiona ana haki ya kumuuliza.

Malindi ndiyo iliyoonyesha umbali ambao njia hiyo inaweza kufika. Katika zama za Ligi ya Muungano, timu bora za Bara na Visiwani zilipokutana kumtafuta bingwa mmoja wa Tanzania, Malindi ilitwaa ubingwa mwaka 1989, na tena mwaka 1992. Vijana wa mtaa wa bandarini wakawa juu ya Simba na Yanga, klabu zenye mashabiki nchi nzima. Nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na wafanyabiashara wenye mapenzi ya kweli na klabu yao, waliogharamia usajili, kambi na safari. Hapo hapo palikuwa na udhaifu. Mfadhili hakuwa mmiliki, na klabu haikuwa kampuni. Fedha yake haikuacha mtaji wala kiwanja cha mazoezi, na akichoka, akizeeka, au biashara yake ikiyumba, hakuna karatasi inayomlazimisha mtu mwingine kuendelea. Ufadhili ulikuwa hisani, na mpira wa kulipwa hauwezi kuendeshwa miaka ishirini kwa hisani.

Wakati mitaa ikitegemea hisani, mwenyewe mwingine alikwishaingia uwanjani. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, kilianzishwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kulinda bahari na kuzuia magendo, karafuu zikiwa mbele katika orodha ya vitu vilivyovushwa kwa siri. Kikosi kikaunda timu, na timu ikawa tishio. Mwaka 1984, miaka mitano kabla ya Malindi, KMKM ilikuwa bingwa wa Muungano. Vyombo vingine navyo vina timu zao: JKU ya Jeshi la Kujenga Uchumi, Mafunzo ya chuo kinachosimamia magereza, Zimamoto, KVZ ya Kikosi cha Valantia, Kipanga ya jeshini, Polisi, na baadaye Uhamiaji.

Ni rahisi kuelewa kwa nini timu hizi zilishinda. Mchezaji wa mtaani alikuwa akitoka kuvua au kubeba mizigo, akifika mazoezini amechoka, na mwisho wa mwezi alisubiri kuona kama kuna chochote. Mchezaji wa kikosi aliandikwa kazi. Ana sare, cheo na mshahara wa serikali unaoingia hata akiumia goti, na mbele yake ana kiinua mgongo. Asubuhi anafanya mazoezi kama sehemu ya kazi. Mzazi wa Unguja anayeulizwa mwanawe aende wapi, Malindi au KMKM, hahitaji kufikiri sana, na hana sababu ya kulaumiwa. Katika kisiwa ambacho ajira ya kudumu ni adimu, vikosi vilitoa kitu ambacho tajiri hakuweza kukiahidi: kesho.

Matokeo yapo wazi kwenye orodha ya mabingwa. KMKM ilichukua ligi ya Zanzibar mwaka 2013 na 2014, Mafunzo 2015, Zimamoto 2016, JKU 2017 na 2018, KMKM tena 2019. Baada ya Mlandege kupenya msimu wa 2019/20, KMKM ikarudi na kubeba mara tatu mfululizo, kisha JKU ikatwaa mwaka 2024. Misimu kumi na miwili, na kombe lilitoka nje ya vikosi mara moja tu.

Hapo ndipo panapohitaji kutazamwa kwa makini. Kikosi hakina haja ya kuuza tiketi ili kuishi, wala kumuuza mchezaji Ulaya au Uarabuni. Kamanda hatapoteza kazi kwa sababu timu imetolewa raundi ya kwanza Afrika. Lengo lake ni la haki kabisa: nidhamu, jina la chombo, ajira kwa vijana, na ubingwa wa nyumbani. Lengo hilo akilifikia, hakuna kinachomsukuma kutafuta kubwa zaidi. Mashabiki nao hawana mtaa wa kuushangilia. Mtu anaweza kuzaliwa Mlandege, lakini hazaliwi Zimamoto.

Isidhaniwe kwamba timu ya askari haiwezi kukua. Rwanda ina APR, klabu ya jeshi iliyotwaa ubingwa wa nchi zaidi ya mara 20 na yenye mashabiki tele. Lakini hata APR, pamoja na nguvu yote iliyo nyuma yake, haijatwaa taji la klabu la Afrika. TP Mazembe ya Lubumbashi, chini ya Moïse Katumbi aliyetia fedha zake, ilitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2009 na 2010, kisha ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na kucheza na Inter Milan. Na Al Ahly ya Cairo, yenye makombe mengi kuliko klabu yoyote barani, ni ya wanachama. Kwa hiyo aina ya mmiliki peke yake haitoshi kueleza kila kitu. Kinachofananisha Mazembe na Al Ahly ni kwamba kushinda Afrika kwao ni sharti, na aliyeshindwa kulitimiza huulizwa.

Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, suala la umiliki lilipiganiwa hadharani. Simba na Yanga, zilizozaliwa miaka ya 1930, zilikuwa za wanachama kwa miongo mingi, na zilijua vizuri shida ya kumtegemea mfadhili. Desemba 2017 wanachama wa Simba walimkubali Mohammed Dewji kuwa mwekezaji mwenye asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, huku serikali ikisisitiza kwamba asilimia 51 ibaki kwa wanachama. Kuanzia msimu huo wa 2017/18 Simba ikachukua ligi mara nne mfululizo, na ikaanza kuzoea robo fainali za Afrika. Yanga ikajibu kwa nguvu ya kampuni ya GSM, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kulikosa mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Migogoro haikukosekana. Hata hivyo, fedha zilikuwa na jina la mtu na wanachama walikuwa na sauti, na pande hizo mbili zilivutana huku timu ikisonga.

Kisha ipo Azam, na hapa hadithi inarudi nyumbani kwa njia ya kuuma kidogo. Said Salim Bakhresa ni mzaliwa wa Zanzibar. Boti zake ndizo zinazovusha watu kila siku kati ya Malindi na Dar es Salaam. Timu iliyoanza na wafanyakazi wa kampuni zake mwaka 2004 ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikawa bingwa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja, na ina uwanja wake Chamazi. Mtoto wa Unguja alijenga klabu ya kisasa, iliyo mali ya kampuni kwa asilimia zote, na aliijenga mahali penye soko.

Wachezaji nao walifuata mkondo huo. Nadir Haroub "Cannavaro" alitoka Malindi akawa nahodha wa Yanga. Feisal Salum, "Fei Toto", alitoka JKU akaenda Yanga na baadaye Azam. Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM kwenda Yanga mwaka 2022, na Mudathir Yahya akajiunga na Yanga mwaka uliofuata. Visiwa vinazalisha. Swali ni klabu iliyomlea mchezaji inabaki na nini anapoondoka, na klabu ambayo haikuundwa kufanya biashara haiwezi kutegemewa kuwa na jibu zuri.

Ipo dalili moja inayotia moyo, na haitokani na vikosi. Kombe la Mapinduzi huchezwa kila Januari na huzialika timu kubwa za Bara na nchi jirani. Azam imelichukua mara tano. Klabu za Zanzibar zilizolitwaa ni mbili tu: Miembeni mwaka 2009, na Mlandege, iliyoifunga Singida Big Stars 2-1 katika fainali ya 2023 na kurudi mwaka 2024 kuifunga Simba 1-0. Zote mbili ni timu za mitaa. Vikosi vilivyotawala ligi ya nyumbani havimo. Usiku ule wa Januari 2024, wanaume wazima waliokulia karibu na Darajani waliiona timu yenye jina la mtaa wao ikinyanyua kombe mbele ya Simba, na hakuna mshahara wa serikali unaoweza kununua furaha ya namna ile.

Oktoba 2025 wenyewe wa aina mbili walikutana ana kwa ana. KMKM ilipangwa na Azam kuwania nafasi ya makundi ya Kombe la Shirikisho. Azam ilishinda 2-0 New Amaan, kisha 7-0 Chamazi, na kwa mara ya kwanza ikaingia hatua ya makundi. Mabao tisa kwa sifuri, kati ya klabu ya tajiri mzaliwa wa Zanzibar na klabu ya kikosi cha Zanzibar.

Hakuna anayedai kwamba vikosi vifute timu zao. Vijana wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa sababu ya timu hizo. Kinachokosekana ni mpango wa kisheria kwa mitaa. Leo mfanyabiashara akitaka kuweka fedha zake Malindi au Miembeni, anahitaji kujua anaingia ubia na nani: orodha ya wanachama iko wapi, jengo la klabu limeandikwa kwa jina la nani, mkataba wa mchezaji wa miaka 18 umesainiwa na ofisi gani. Simba na Yanga zililazimika kuyajibu maswali hayo, kwa makelele na mikutano iliyokesha. Mitaa ya Unguja ina wazee wanaokumbuka 1989, na wengi wao bado wapo hai kuulizwa.