Nepi za kitambaa: kuchagua, kufua na kukausha

Familia nyingi za Mpanda na vijiji vya Mkoa wa Katavi humvisha mtoto nepi za kitambaa, ama kwa sababu pampasi ni ghali au kwa sababu duka liko mbali. Si jambo la kuonea aibu. Nepi ya kitambaa iliyo safi na kavu humtunza mtoto vizuri. Shida huanza inapovalishwa ikiwa bado na unyevu, na mvua za Katavi, kuanzia Novemba hadi Aprili, hurahisisha hilo kutokea.

Kitambaa gani kinafaa?

Chagua pamba laini: flana, shuka kuukuu au khanga iliyochakaa. Nepi nene iliyoshonwa tabaka nyingi hunyonya sana, lakini hukawia kukauka. Kwa masika ni afadhali kipande cha mraba unachokikunja mwenyewe, kwani ukikikunjua kwenye kamba hewa hupita. Mtoto mchanga anaweza kuchafua nepi 8 hadi 12 kwa siku, hivyo andaa za kutosha siku mbili ikiwa jua ni la kubahatisha.

Chupi ya nailoni juu ya nepi husaidia safarini. Nyumbani ivue, maana hufungia joto na unyevu. Usimbane mtoto miguu ikanyooka. Aweze kuikunja na kuipanua. Kama kitovu hakijadondoka, funga nepi chini yake.

Kufua

Kinyesi kitupwe chooni kwanza. Wengi huamini kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara, lakini nacho hubeba vimelea vya kuhara. Tenga beseni la nepi peke yake, usifulie kisimani wala mtoni, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza.

Suuza mpaka maji yatoke bila povu, kwa sababu sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Kiangazi, maji yanapokuwa shida, punguza sabuni badala ya kupunguza kusuuza. Dawa ya kulainisha nguo haihitajiki. Hufanya kitambaa kisinyonye.

Kwa nini kupiga pasi?

Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na kwenye mchanga wenye mkojo. Mayai yakianguliwa, funza wake hupenya ngozi ya mtoto na kufanya kitu kama jipu lenye kitundu katikati. Kwa hiyo anika kwenye kamba juani, si kwenye nyasi wala chini. Kisha piga pasi yenye moto pande zote mbili, ukikazia mishono; pasi ya mkaa inatosha. Usiku au mvua ikinyesha, anika ndani. Ukiona jipu la namna hiyo usilikamue, maana funza akikatikia ndani kidonda huweza kuoza. Mpeleke mtoto kituo cha afya.

Ngozi ikiwa nyekundu

Badilisha nepi kila inapolowa, na mara moja mtoto akijisaidia. Msafishe kwa maji, mtoto wa kike kutoka mbele kwenda nyuma, umkaushe, kisha umwache bila nepi kwa muda. Poda haifai, vumbi lake huingia kwenye mapafu. Wekundu mkali kwenye mikunjo ya mapaja wenye vipele vidogo pembeni huenda ni fangasi, nao unahitaji dawa ya kituo cha afya. Usipake krimu yoyote ya dukani kwa kubahatisha.

Kitambaa kina faida moja isiyosemwa sana: unaona wazi mtoto anapokojoa. Kuanzia siku ya tano, anayenyonya vya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Zikipungua ghafla, au mtoto akiwa na homa, akihara huku amelegea, au akikataa kunyonya, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.