Kaseti ya Queen iliyofutwa Masagati

Nilikuwa Masagati kwa mjomba, mwalimu mstaafu, na nimerudi na kisa cha muziki badala ya habari ya mpunga niliyotumwa. Mhariri atanisamehe... au hatanisamehe, tutajua Jumatatu.

Ukishuka TAZARA pale Mlimba, kupanda Masagati ni pikipiki na sala. Mjomba ana redio kaseti na boksi la viatu lililojaa kaseti: Mbaraka Mwinshehe, Remmy Ongala, na mbili za Queen alizonunua Dar miaka ya 80. Moja, The Game, imechezwa mpaka maandishi yamefutika. Nyingine, Hot Space, vitundu vyake vya juu vimezibwa kwa karatasi. Mliokulia kwenye CD niwaeleze: ukiziba vile vitundu, unaweza kurekodi kitu kingine juu yake. Mjomba alirekodi kwaya ya kigango.

"Walinidanganya," ndiyo maelezo yake.

Nilicheka, lakini hasira ile ina historia. The Game ilitoka mwaka 1980 ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Nyimbo zake mbili, Crazy Little Thing Called Love na Another One Bites the Dust, zilifika kileleni Marekani. Huo wa pili aliutunga John Deacon, mpiga besi mkimya, akiwa amewasikiliza vizuri Chic, wale wakali wa disko. Uliuza vibaya sana! Ila kwenye albamu ile ulikuwa wimbo mmoja kati ya kumi.

Sasa mtu akisifiwa kwa pilipili, kesho anaimwaga yote mchuzini. Queen walirudi studio Munich, na Hot Space ilipotoka Mei 1982, upande A karibu wote ulikuwa disko na funki: besi ya sinthesaiza, mashine ya ngoma, matarumbeta. Gitaa la Brian May linachungulia tu dirishani. Na Marekani kwenyewe disko lilishageuka tusi. Julai 1979 rekodi zake zililipuliwa hadharani kwenye uwanja wa besiboli Chicago. Albamu iliishia namba 4 Uingereza na namba 22 Marekani. Baada ya ziara ya mwaka huo, Freddie Mercury hakupanda tena jukwaani Marekani na Queen.

Nilimpa mjomba maelezo hayo ya chuki ya disko, akanikatisha. "Mimi disko nililicheza mpaka viatu vikaisha. Nilinunua gitaa, wakaniuzia mashine."

Hapo nadhani mwalimu amewashinda wachambuzi wengi. Miezi sita tu baadaye Michael Jackson alitoa Thriller, na ndani yake Beat It, mdundo wa kucheza na gitaa la Eddie Van Halen likikwaruza katikati. Dunia nzima ikanunua. Kuchanganya hakukuwa kosa. Queen walikuwa na mmoja wa wapiga gitaa bora duniani wakamweka benchi, basi. (Mnaoitetea Hot Space najua mpo, na Cool Cat hata mimi naipenda.)

Nikamuuliza kama anajua yule mwimbaji ni wa wapi. "Mzungu wa London." Nikamwambia hapana mjomba, huyo ni Farrokh Bulsara, amezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, familia ya Kiparsi, wakahama mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Akaweka kikombe chini.

"Mtoto wa Unguja? Na mimi nikamfuta?"

Akaitafuta ile kaseti, akaiweka upande B. Kwaya ikaimba, ikaimba, tukanywa chai nzima, kisha ikaisha kabla ya mkanda kuisha. Kimya kidogo, halafu ile besi. Under Pressure! Ndio wimbo wa mwisho wa albamu, walioufanya na David Bowie kule Montreux, Uswisi, mwaka 1981, ukashika namba moja Uingereza mwezi Novemba. Kwaya ya kigango haikuwa na nyimbo za kutosha kuufikia.

Mjomba akaongeza sauti mpaka kuku wakatawanyika uani. Ulipoisha, akachomoa kaseti, akachukua kalamu ya Bic na kuanza kuurudisha mkanda taratibu kwa mkono, maana betri zilikuwa zinaelekea kwisha.