Tundu la Pili

Mjomba wangu huanza kazi kwa mshumaa. Anausimamisha ndani ya kopo tupu la maziwa, analifunga kopo kwa kamba, kisha analishusha duarani polepole huku wenzake wakichungulia. Ukizimika njiani, asubuhi hiyo hashuki mtu. Ukifika chini unawaka, wanaanza kujifunga kamba. Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia kwenye machimbo ya dhahabu ya huku kwetu Magamba, pembeni ya mji wa Mpanda, na mimi nimekua nikiamini kwamba mshumaa haudanganyi.

Siku aliyoanguka, mshumaa uliwaka vizuri.

Ilikuwa masika na maji yalikuwa yamejaa duarani. Pampu ya petroli ikikaa juu haiwezi kuvuta maji yaliyo zaidi ya mita saba au nane chini yake, hata iwe mpya namna gani. Kwa hiyo wakaishusha iyafuate maji. Ikanguruma kule chini karibu saa nzima. Mjomba akateremka kuizima, na kabla hajaigusa miguu ikamwisha nguvu. Walimtoa kwa winchi, na waliweza kwa sababu tu hakuwa amefungua kamba kiunoni.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma historia. Nilipofika nyumbani alikuwa amelala, kichwa kinamuuma siku ya tatu. Akaitikia shikamoo yangu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Wewe si ndiyo msomi wetu? Haya niambie, mwanangu. Mshumaa uliwaka. Mbona mimi nilizimika?"

Sikuwa na jibu. Nililipata miezi kadhaa baadaye, kwa mwanasayansi Mskoti aitwaye John Scott Haldane. Mwaka 1896 Haldane aliandika ripoti kuhusu vifo vya milipuko kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Alionyesha kwamba wengi wa waliokufa hawakuuawa na mlipuko wenyewe. Waliuawa na kaboni monoksaidi iliyobaki baada yake, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Mshumaa huzimika oksijeni inapopungua. Lakini kaboni monoksaidi inayotosha kumlaza mtu haiugusi mwali wake. Haldane aliivuta gesi hiyo mwenyewe ili aandike anavyojisikia, kisha akapendekeza wachimbaji washuke na viumbe wadogo, panya au ndege, kwa sababu mwili mdogo hupumua haraka na huanguka kabla ya mtu.

Mjomba alikuwa amepeleka mashine ya petroli shimoni na kuipima hewa yake kwa mshumaa.

Kilichonifanya niendelee kusoma ni kazi aliyopewa Haldane mwaka uliofuata. Mwaka 1897 aliwekwa kwenye kamati ya serikali ya kuchunguza hewa ya reli ya chini ya ardhi ya London. Mtu wa migodini ndiye aliyeitwa kupima pumzi za abiria wa mjini.

Reli hiyo ilifunguliwa Januari 10, 1863, kati ya Paddington na Farringdon, ya kwanza ya aina yake duniani. Vichwa vyake vilikuwa vya mvuke, vinavyochoma makaa ndani ya handaki. Huwezi kusoma jambo hilo bila kujiuliza walikuwa wakifikiri nini. Kumbe walifikiri. Mhandisi wake, John Fowler, alikusudia kutumia kichwa kisichowaka moto njiani, kinachobeba joto lake ndani ya matofali yaliyochemshwa kabla ya safari. Moto usingekuwepo, moshi usingekuwepo, na mpango wa hewa usingehitajika sana. Majaribio ya mwaka 1861 yakashindwa. Handaki likabaki lilivyochorwa, treni zikaja na moshi wake.

Kuanzia hapo historia ya reli ile ni historia ya kutoboa. Mapema miaka ya 1870 walifungua matundu barabarani ili moshi upate pa kutokea. Mtaa wa Leinster Gardens, ambako reli ilipita kwenye uwazi uliokuwa na nyumba, walijenga kuta za mbele zenye madirisha ya bandia, namba 23 na 24, ili jirani matajiri wasione kwamba nyuma yake kuna shimo linalohema. Kuta hizo zipo hadi leo. Kamati ya Haldane ilisema dawa halisi ni umeme, na umeme ukafika kwenye reli hiyo mwaka 1905.

(Sisi Tanzania hatuna treni ya chini ya mji. Wengi wetu handaki la treni tumelijua kwenye SGR, upande wa Kilosa, na treni ile ni ya umeme tangu mwanzo. Umri wa kuzaliwa nao una bahati zake.)

New York walipofungua ya kwao mwaka 1904 walikuwa na umeme tayari, wakaona hewa itajipanga yenyewe. Treni ndani ya handaki ni kama mti wa bomba la baiskeli: inasukuma hewa iliyo mbele na kuvuta iliyo nyuma. Hesabu nzuri, ila treni inapokwenda na kurudi inasukuma hewa ileile, na mashine na watu wanaongeza joto. Kiangazi cha 1905 malalamiko yakawa makubwa, akaitwa George Soper, mtu yuleyule aliyekuja kumfuatilia mpishi Mary Mallon na homa yake ya matumbo. Soper alikuta hewa si ya sumu kama watu walivyohofia. Tatizo lilikuwa joto, na vumbi la chuma lililosagwa na breki.

Leo wanaopanga mahandaki wanahesabu zaidi moto kuliko joto. Februari 18, 2003, huko Daegu, Korea Kusini, mtu alichoma behewa kwa makusudi, na watu 192 wakafa. Kwenye handaki la sasa feni kubwa lazima ziweze kugeuza upepo: unasukumwa moshi uende upande mmoja, na watu watembee upande wa pili, upepo safi ukiwapiga usoni. Upepo ukiwa dhaifu, moshi hurudi juu ya vichwa vyao.

Lakini tarehe niliyoinukuu kwenye daftari na kuipigia mstari ni ya mwaka mmoja kabla ya treni ya London. Januari 16, 1862, kwenye mgodi wa Hartley kaskazini mwa Uingereza, nguzo kubwa ya chuma ya pampu ya maji ilikatika ikaangukia shimoni na kuliziba. Mgodi ulikuwa na shimo moja tu. Wanaume na wavulana 204 walikufa, wengi kwa gesi ileile. Mwaka huohuo bunge likatunga sheria: kila mgodi wa makaa uwe na matundu mawili ya kutokea. Kabla ya hapo wenye migodi walijua faida yake, ila tundu la pili halitoi makaa.

Na sisi tunazo tarehe zetu. Juni 2002 huko Mererani, mashine ya kusukuma hewa ilikoma, na wachimbaji wa tanzanite zaidi ya 30 wakafa kwa kukosa hewa. Mererani ndiko nilikojifunza neno mtobozano, yaani mashimo ya watu wawili kukutana chini kwa chini. Huko ni neno la ugomvi, kwa sababu swali linalofuata ni mwamba wa nani.

Nilimweleza mjomba yote haya, pamoja na habari za panya na treni. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "ninachokihitaji ni duara la jirani."

Jirani yake anachimba kama hatua hamsini kupanda kilima. Walikaa vikao vitatu. Waliandikiana mpaka, wakakubaliana utachorwa chini kwa rangi nyekundu, na atakayeuvuka atalipa. Pampu ya petroli haishuki tena.

Juni iliyopita nilikuwepo asubuhi yenye baridi. Mjomba alishusha kopo lake kama kawaida, kisha akachoma fungu la majani mabichi mdomoni mwa duara. Moshi ulisimama kidogo, ukainama, ukaingia ndani. Tulikaa tukitazama juu ya kilima. Baada ya muda jirani akapaza sauti:

"Mzee, moshi wako umefika huku!"