Wengi Wape: Vitenzi Kaidi vya Kiingereza na Hoja ya Usanifu

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaandika kwa Kiingereza kwamba babu yake alichimba kisima, na kitenzi anachotumia ni "digged". Mwalimu anakikata kwa kalamu nyekundu na kuandika "dug" juu yake. Kwa Kiingereza sanifu cha leo, mwalimu yuko sahihi. Hata hivyo, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaposimulia visima vya Isaka katika Mwanzo 26, hutumia "digged" hiyohiyo. Umbo tunalolikata leo ndilo lililokuwa la kawaida. Tunalolifundisha limekuja baadaye. Hoja yangu ni kwamba maumbo yasiyo sanifu ya wakati uliopita yana utaratibu wake, na mwalimu asiyeujua huadhibu akili mahali pa kuiongoza.

Katika Kiingereza cha Kale, vitenzi vingi vilionyesha wakati uliopita kwa kubadili irabu ya mzizi, na wanaisimu huvigawa katika makundi saba. Kwa hiyo, ukaidi tunaouona sasa ni mabaki ya mpangilio wa zamani. Chukua "help". Umbo lake la wakati uliopita lilikuwa "healp" kwa mtendaji mmoja na "hulpon" kwa wengi. Shakespeare bado alitumia "holp". Leo ni "helped" tu.

Kwa nini "help" ikasalimu amri, na "go" ikabaki na "went" yake? Mwaka 2007, Erez Lieberman na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vitenzi kaidi 177 vya Kiingereza cha Kale. Katika Kiingereza cha Kati vilivyobaki kaidi vilikuwa 145. Leo ni 98. Kadiri kitenzi kinavyotumika kwa nadra, ndivyo kinavyowahi kufuata kanuni. Sababu yake inaeleweka: umbo kaidi huishi kwa kukumbukwa, na lisilosikika husahaulika. Kumbukumbu ikikwama, kanuni ya "-ed" hushika nafasi.

Mtoto wa Kiingereza hupita njia hiyohiyo. Kwanza husema "went" kama alivyoisikia. Baadaye husema "goed", kisha hurudi kwenye "went". Asikiaye "goed" hudhani mtoto amerudi nyuma, kumbe amegundua kanuni.

Safari haina upande mmoja. "Wear" ilikuwa ikifuata kanuni, ikageuka kuwa "wore". Huko Marekani, "snuck" imejipenyeza kando ya "sneaked" tangu karne ya 19, na sasa hata wasomi huiandika. Waswahili husema wengi wape. Usipowapa, watachukua wenyewe.

Basi kwa nini "snuck" imepokewa, ilhali "I seen" na "I done" bado hudharauliwa? Sarufi haitoi jibu, kwa kuwa "helped" nayo hutumia umbo moja kwa wakati uliopita na kwa hali timilifu. Jibu limo katika hadhi ya wasemaji. Maumbo ya namna hii hayakuwa ya wasiosoma tu: Robert Lowth, aliyechapisha sarufi yake mwaka 1762 na baadaye akawa askofu, alimkosoa hata mshairi Milton kwa kuyachanganya.

Sisi Waswahili tunalijua jambo hili la hadhi. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita, lahaja ya Mombasa, hakikugeuka kuwa makosa usiku ule.

Wapo watakaosema kwamba kulegeza uzi ni kumnyima mwanafunzi ufunguo wa mtihani na ajira. Wana haki ya kuhofu, na ndiyo maana "dug" lazima ifundishwe. Lakini aliyeandika "digged" ameonyesha kwamba kanuni anaijua. Kilichosalia ni kukariri neno moja. Mwalimu na aandike "dug" juu ya mstari, na pembeni aongeze: kanuni umeipata, kitenzi hiki hakiifuati.