Sauti Ruksa, Mkono Mwiko

Basi la Mwanza kwenda Sirari likishaingia upande wa Tarime, abiria wa Rorya huanza kuzungumza Kijaluo kwa sauti ya mtu aliyekwisha fika kwao. Huko, kama ilivyo Siaya na Kisumu ng'ambo ya mpaka wa Kenya, mfalme wa vinanda ni nyatiti: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili, nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe; siku hizi ni nailoni, ileile ya mshipi wa mvuvi.

Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga chombo. Mtu mmoja, bendi nzima. Na mtu huyo, kwa desturi, sharti awe mwanamume.

Mkao ule haumsitiri mwanamke, husema wazee. Wengine huhesabu nyuzi: nne za siku za kuzaliwa, nne za siku za kufa, kwani Mjaluo mwanamume hupewa siku nne na mwanamke tatu. Ajabu ni kwamba hiyo "nya" ya mwanzo wa jina, kwa Kijaluo, huashiria binti.

Hata hivyo wanawake hawakunyamazishwa. Waliitikia, wakacheza, wakapiga vigelegele, wakamtuza mpigaji. Iran, tangu mapinduzi ya 1979, ni kinyume: mwanamke aweza kushika kinanda cha setar, lakini kuimba peke yake mbele ya wanaume ni marufuku. Kule sauti, huku mkono.

Katikati ya miaka ya 2000, Mjapani Eriko Mukoyama alikwenda Alego, Siaya, kwa fundi Okumu K'Orengo, akaomba kufundishwa. Alikubaliwa, akaitwa Anyango, na leo hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza mpiga nyatiti.

Mimi sifa hiyo hunifurahisha nusu. Mgeni alifunguliwa mlango ambao mabinti wa mji walifungiwa. Akikosea mila, hana ukoo wa kumlaumu wala mama mkwe wa kumnunia. Mwisho wa yote atapanda ndege. Ndiyo maana mimi humsikiliza zaidi Mkenya Labdi Ommes na orutu yake, zeze la uzi mmoja ambalo nalo lilikuwa la wanaume. Huimba mwenyewe, huku mkono ukivuta upinde.