Ukicheza mtu mbaya, unageuka mbaya? Jibu liko msitu wa Nyandarua

Wasee, kuna swali huja kila nikiongea kuhusu gemu: "Ukicheza mtu mbaya kila siku, si mwishowe utageuka kuwa mbaya?" Wazazi wanauliza, pasta anauliza, na siku hizi hata mabeshte wanauliza.

Na naelewa. Ingia kwa PS yoyote hapa Nyeri, Karatina ama Nanyuki, utapata kijana wa sekondari anaiba magari kwa GTA, anagonga watu, anacheka. Halafu kuna gemu za kuvaa uhusika kama Baldur's Gate 3, ambapo unaamua mwenyewe: mhusika wako atakuwa mwema, ama atakuwa msaliti anayeua marafiki zake. Hapo hutazami mbaya kwa skrini. Wewe ndiye mbaya.

Hii hofu si mpya. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, na miaka ya 80 makanisa na wazazi huko wakaundia vyama vya kuipinga, ati inaingiza watoto ushetani. Haikuwahi kuthibitishwa. Lakini sisi watu wa Mlima hatuhitaji kuazima mfano wa Marekani. Watu walishawahi kucheza uhusika hapa hapa, na bunduki za kweli.

Rudi 1952. Tarehe 20 Oktoba, Gavana Evelyn Baring anatangaza Hali ya Hatari. Wapiganaji wa Mau Mau wako misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na jeshi la Uingereza lina ndege, mabomu na maelfu ya askari, lakini haliwapati. Mwaka uliofuata anafika afisa kijana wa jeshi, Frank Kitson, na yeye na wenzake wanakuja na mbinu nyingine: kama huwezi kumpata mpiganaji, jifanye mpiganaji. Wakaunda magenge bandia.

Ilikuwa inafanyika hivi. Mpiganaji anashikwa. Wakati huo kupatikana na bunduki, hata risasi, kungeweza kukupeleka kwa kitanzi, na kufikia mwisho wa vita Waafrika zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa. Kwa hivyo anapewa njia ya pili: rudi msituni, safari hii upande wetu. Anarudi na nguo zile zile zilizoraruka, nywele zile zile, salamu zile zile, maombi yale yale ya kuangalia Kirinyaga. Harufu ya sabuni ingemuumbua, kwa hivyo haogi. Wakati mwingine nyuma yake kuna mzungu, mtoto wa mlowezi, amejipaka rangi nyeusi usoni na kuvaa matambara. Wanakutana na kikundi cha kweli, wanasalimiana kama ndugu, wanapata habari. Halafu wanaua ama wanashika.

Hebu soma tena hiyo aya. Kuna mavazi, kuna lugha ya ndani, kuna mhusika wa kuingia ndani yake. Ni uigizaji kamili, tofauti yake na gemu ni kwamba aliyeanguka hakuamka tena.

Na je, uliwabadilisha wachezaji? Naona ndiyo. Kitson aliandika kitabu kuhusu hayo mwaka 1960, na kinachoshtua ni jinsi baadhi ya waliokamatwa waligeuka haraka. Ndani ya siku chache mtu alikuwa anawinda wale aliokula nao. Si ati walizaliwa wabaya. Walikuwa na kitanzi mbele yao, halafu wakapewa kazi, kikundi kipya na sababu ya kuamka asubuhi. Ukiigiza adui wa ndugu zako kila siku, na kila siku damu yao inamwagika, kurudi unakokujua kunakuwa kugumu. Unarudi kwa nani?

Halafu kuna Ian Henderson. Huyu alizaliwa Scotland lakini akakulia huku kwetu, na Kikuyu alikiongea kama mwenyeji. Ndiye polisi aliyeongoza magenge bandia kumsaka Dedan Kimathi. Kimathi alipigwa risasi na kushikwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa hapa hapa Nyeri kwa kupatikana na bunduki na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Henderson akapewa medali, akaandika kitabu. Baada ya uhuru, mwaka 1964, Kenya ikamfukuza. Unajua alienda wapi? Kufikia 1966 alikuwa Bahrain, akakaa huko miaka 30 na zaidi kama mkubwa wa usalama, na waliofungwa huko wakamlaumu kwa mateso. Yeye alikana hadi akafa mwaka 2013. Kitson naye alipelekwa Belfast mwaka 1970. Kazi waliyojifunza kwa misitu yetu ikawa kazi ya maisha.

Lakini kama kuna kitu kinaniuma zaidi kwa hii historia, ni gakunia. Hilo ni gunia dogo. Siku ya msako watu wanapangwa mstari, na mbele yao amekaa mtu amefunikwa gunia, matundu mawili tu ya macho. Unapita. Akitingisha kichwa, umeenda kizuizini, labda kwa miaka. Nairobi, kwa ule msako mkubwa ulioanza 24 Aprili 1954, maelfu walipita mbele ya magunia kama hayo. Aliyekuwa ndani angeweza kuwa jirani, deni lako, mtu mliyegombana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Hakuna aliyemwona, kwa hivyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Jioni alivua gunia akarudi kijijini. Wajukuu wake na wajukuu wa aliyemtaja wanapanda matatu moja leo, wanaimba kwaya moja, pengine wameoana.

Sasa linganisha na jukwaa. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walileta mchezo wa kuigiza kuhusu kesi ya Kimathi kwa National Theatre ya Nairobi. Ndani yake kuna mhusika anaitwa Shaw Henderson. Mwaka uliofuata kule Kamĩrĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa kawaida wakaigiza mchezo wa Kikuyu wenye matajiri wanyang'anyi wa mashamba. Mtu alisimama mbele ya kijiji chake akacheza mwizi wa shamba, kila mtu akijua uso wake, na mchezo ulipoisha akaenda nyumbani kwake akiwa yeye. Kucheza ubaya namna hiyo kulifungua watu macho. Ndio maana serikali ikaupiga marufuku mwaka huo huo wa 1977, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kesi.

Kwa hivyo ukiniuliza kama kuvaa uhusika mbaya kunaharibu mtu, mimi naangalia vitu vitatu. Kuna mtu wa kweli anaumia? Kuna mtu anakulipa ama kukutisha ili uendelee? Na kuna saa ya kuvua, mbele ya watu wanaokujua? Yule kijana wa PS hana tatizo kwa yote matatu. Hakuna aliyeumia, hakuna anayemlipa (yeye ndiye analipa!), na mathe akipiga simu gemu imeisha. Hata naona kuna kitu anajifunza: anaonja usaliti, anaona mahali unampeleka, bila kumgharimu mtu yeyote.

Mimi naogopa mchezo mwingine tunaocheza bila kuuita gemu. Akaunti bandia. Picha ya katuni, jina la kubuni, unaingia kwa komenti za msichana wa darasa lenu unamrarua hadi anafuta akaunti yake. Ama unalipwa vijisenti kusukuma hashitegi ya kumchafua mtu usiyemjua. Mozilla Foundation ilitoa ripoti mwaka 2021 ikionyesha vijana Wakenya wakilipwa kushambulia majaji na wanaharakati mtandaoni wakati wa vita vya BBI. Pima na yale maswali matatu: anayeumia ni wa kweli, pesa iko, na kuvua hakuna kwa sababu hakuna anayejua ni wewe. Hiyo si GTA, hiyo ni gakunia yenye bando.

Kwa hivyo wazazi, mnapokagua simu za watoto, msiishie kwa gemu.

Na wewe, kama bado una cucu ama guka aliyeiona Hali ya Hatari, muulize kuhusu gakunia kabla hajaenda nayo. Usimuulize nani alikuwa ndani, hilo linaweza kuchoma nyumba mbili. Muulize tu ilikuwaje kupita mbele ya yale macho.